Chombo Kilichoupanda Uluguru

Mtu asimamaye Msamvu, hapo ambapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, mkono mmoja ukishika njia ya Dodoma na wa pili njia ya Iringa, akigeuza uso wake kuelekea kusini huona ukuta wa milima ya Uluguru uliosimama nyuma ya mji wa Morogoro, kilele cha Bondwa kikiwa kimebeba minara ya mawasiliano katika kimo kipitacho mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na nyuma zaidi, mahali pasipoonekana kutoka mjini, Kimhandu kikipita mita 2,600. Mji wenyewe umekaa chini kabisa, kiasi cha mita 500 tu. Tofauti hii ya kimo ndiyo iliyotawala maisha ya Waluguru kwa vizazi vingi. Garimoshi la Wajerumani lilifika Morogoro mwaka 1907, lakini kwa karibu miaka 100 baada ya hapo mwanamke wa milimani aliyetaka kuuza ndizi zake sokoni aliendelea kushuka alfajiri kwa miguu, tenga kichwani na mtoto mgongoni, na jioni kupanda tena njia ile ile akiwa na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Lori lilifika Mgeta na Matombo, ni kweli, ila liliishia barabarani. Nyumba na mashamba yalikuwa mbali nayo, juu, katika njia zilizochorwa na nyayo za watu na mbuzi.

Chombo kilichokuja kuupanda mlima hadi mlangoni pa mkulima ni pikipiki ndogo yenye injini ya ujazo wa baina ya sentimita za ujazo 100 na 150, ambayo leo imeenea hata watoto wazaliwao Nyandira au Kinole huidhani kuwa ilikuwapo tangu zamani. Aghalabu hutajwa kwa lawama, na lawama nyingine ni za haki. Lakini kama chombo, yaani kama kazi ya akili na mikono ya binadamu, haijaelezwa vya kutosha kwa wale wanaoitumia kila siku. Historia yake ni ndefu, imepita Japani, China na India kabla ya kufika kwetu, na hapa kwetu haikukoma, kwa kuwa mafundi wa Morogoro nao wameongeza sura yao.

Kabla yake palikuwa na baiskeli, Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, na Swala iliyotengenezwa hapa nchini, ambazo zilifaa sana katika tambarare za Mkata na Kilosa na hazikufaa kitu katika mteremko wa Uluguru, isipokuwa kusukumwa. Pikipiki zilikuwapo pia, Honda, Yamaha na Suzuki za Japani, nyingi zikiwa za injini ya mipigo miwili iliyotaka oili iunguzwe pamoja na petroli, lakini zilikuwa mali ya misheni, ya idara na ya mashirika; mwenye kuziendesha alikuwa padri, bwana shamba au bwana afya, na mwananchi wa kawaida alizijua kwa mlio na kwa vumbi lake.

Sababu iliyofanya chombo hiki kitoke mikononi mwa ofisi na kufika mikononi mwa watu inaanzia kwa wahandisi wa Honda, na mimi naihesabu kuwa miongoni mwa habari zenye mafunzo makubwa katika historia ya ufundi. Kampuni hiyo ilikuwa imeuza katika nchi kadhaa za Asia pikipiki yenye injini ya ujazo wa 125, nzuri na nyepesi, ambayo kamshafti yake, yaani mhimili wenye vinundu ufunguao na kufunga valvu, ilikaa juu kabisa ya silinda na kuzungushwa na cheni nyembamba ya ndani. Injini ya namna hiyo huenda kwa raha maadamu oili yake ni safi na hubadilishwa kwa wakati. Wahandisi walipotumwa kwenda kutazama jinsi watu walivyoitumia, walikuta hali isiyokuwamo katika vitabu vyao: chombo kilikuwa kikipakia mizigo mara mbili ya kadiri yake, katika vumbi na matope, na oili haikuguswa mpaka siku injini ilipokataa. Wangeweza kurudi nyumbani na kuandika kwamba wateja hawana adabu ya matunzo. Badala yake walikubali kwamba mtu maskini mwenye kazi nyingi ana haki ya kupata chombo kinachovumilia maisha yake kama yalivyo, wakaiunda injini upya.

Matunda ya fikira hiyo ni CG125, iliyotoka mwaka 1976. Kamshafti ilishushwa kutoka kichwani mwa injini ikawekwa chini, jirani na krenki, mahali ambapo oili hata ikiwa kidogo na chafu hurushwa na kuilowesha. Ikazungushwa na magurudumu ya meno badala ya cheni, na kazi ya kuzisukuma valvu kule juu ikapewa fimbo mbili nyembamba za chuma. Kwa mtu wa mbio muundo huo ulikuwa kurudi nyuma, kwa kuwa injini ya fimbo haipendi kuzungushwa kwa kasi kubwa sana. Kwa mtu wa kazi ulikuwa neema, maana vitu vya kuharibika vilipungua na vilivyobaki viliweza kufikiwa kwa spana chache. Mnyororo wa kupeleka nguvu katika gurudumu la nyuma nao ulifunikwa pande zote kwa bati, mchanga usiule. Pikipiki hiyo ikatengenezwa Japani, kisha Brazili, Pakistani na kwingineko, na muundo wake ulipofika katika viwanda vya China, hasa vile vya mji wa Chongqing, ulinakiliwa kwa wingi usiokuwa na mfano.

Hiyo ndiyo asili ya pikipiki tulizozipokea katika miaka ya 2000 kwa majina ya SanLG, T-Better, Toyo, Fekon na mengine mengi. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya Mjapani, na ingawa chuma chake kilikuwa laini, spoku zake zikilegea na nyaya zake zikikatika kabla ya mwaka kwisha, spea zilipatikana katika kila duka la barabarani na fundi aliyejifunza moja alizijua zote. Wakati huo huo biashara ya bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia tangu miaka ya 1960, ilikuwa ikishuka kuja kusini, na mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, zilizosimamiwa na SUMATRA, mamlaka ya usafirishaji ambayo kazi yake ya nchi kavu leo iko kwa LATRA, ziliitambua rasmi kazi ya kubeba abiria kwa pikipiki. Kijana wa Mlali au Mkuyuni akapata kazi yenye jina, namba ya MC na kijiwe.

Kisha akaja Mhindi. Kampuni ya Bajaj ya mjini Pune, ambayo miaka mingi ilikuwa ikitengeneza skuta za Vespa kwa ruhusa ya Piaggio ya Italia, iliingia katika miaka ya 1980 katika ushirika na Kawasaki ya Japani, na katika ushirika huo ikajifunza injini ndogo ya mipigo minne isiyokula mafuta. Nasaba hiyo ndiyo iliyozaa Boxer, kwanza ya ujazo wa 100, baadaye 125 na 150, ambayo pamoja na HLX ya TVS, kampuni nyingine ya India kusini, imezishinda zile za China katika vijiwe vingi vya Morogoro. Ilishinda kwa uimara, maana bei yake ilikuwa juu: madereva waligundua kwamba chombo ghali kisicholala gereji ni rahisi kuliko chombo cha bei ndogo kinacholala.

Hapa pana jambo linalonifurahisha kulieleza, kwa kuwa halijulikani sana. Kutoka katika ushirika ule ule wa Bajaj na Kawasaki ilitoka pia pikipiki ya nasaba nyingine kabisa, ile iitwayo kruza. Kruza ni mtindo wa Marekani, ambao Harley-Davidson ya Milwaukee, iliyoanza mwaka 1903, ndiyo mama yake: kiti cha chini, usukani uliorudi kumfuata mwendeshaji, miguu iliyonyooshwa mbele, na injini inayotoa nguvu yake mapema, ikiwa bado inazunguka polepole, ili mtu asafiri masafa marefu bila kubadili gia kila mara. Kawasaki walikuwa na kruza yao, Eliminator. Bajaj wakaiuza India tangu mwaka 2001 ikiwa na injini ndogo ya ujazo wa 175, na mwaka 2005 wakatoa ya kwao, Avenger, ya ujazo wa 180. Basi Boxer ya mchukuzi wa kabichi na Avenger ya bwana wa matembezi ni watoto wa nyumba moja. Na mwenye kuzitazama kwa makini ataona kufanana: zote mbili humkalisha mtu wima, mgongo umenyooka, zote zina kiti ambacho mtu aweza kukaa kutwa, zote zimetungwa kwa ajili ya nguvu ya chini kuliko kasi ya juu. Tofauti yao huonekana njia inapoanza kupanda. Kruza ya ukubwa wa kati aghalabu hupita kilo 200 na tumbo lake liko karibu na ardhi. Katika njia ya kwenda kijiji cha Bunduki wakati wa masika haiwezi kunyanyuliwa na mtu mmoja ikianguka, na jiwe la kwanza litaigonga injini. Boxer ya 150 haifiki kilo 130, na kijana aliyeteleza huiinua, huitazama, na kupiga kiki.

Mlima unataka nini kwa injini? Unataka nguvu ya kuzungusha gurudumu polepole bila kuzimika. Boxer ya 150 ina ujazo halisi wa sentimita za ujazo 144.8 na hutoa nguvu za farasi 12 hivi, kiasi ambacho mtu wa mji hukidharau; lakini nguvu yake ya kuzungusha, takriban nyutoni-mita 12, hufika kileleni injini ikiwa inazunguka mara 5,000 tu kwa dakika, mapema kuliko ile nguvu ya farasi, nayo ndiyo impandishayo mtu. Fauka ya hayo, hewa ya juu ni nyepesi: kwa kila mita 1,000 za kupanda injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, hivyo pikipiki iliyotoka Mlali, chini ya mlima, ikiwa na farasi 12 hufika Nyandira, kijiji kilichopita mita 1,500, ikiwa na 11 au pungufu, ilhali mteremko umezidi ukali. Pikipiki, dereva na mzigo vikiwa kilo 300 pamoja, kuvinyanyua kimo cha mita 1,000 peke yake, pasipo kuhesabu matope, kona wala mawe, hula karibu nusu lita ya petroli. Tangi la lita 11, ambalo kwa mtu wa lami ni la juma zima, mlimani huisha upesi.

Ndipo ustadi wa fundi wa kwetu unapoingia. Katika gereji za chini ya miti kando ya barabara ya Mgeta, kazi ya kwanza afanyiwayo Boxer mpya ni kubadilishiwa sproketi. Fundi huisimamisha pikipiki kwa stendi yake ya katikati, hufungua kifuniko cha kushoto cha injini, hukitoa kiungo cha mnyororo kwa koleo na kuutumbukiza mnyororo wote katika petroli iliyo ndani ya kidumu kilichokatwa. Kisha sproketi ndogo ya mbele, tuseme ya meno 14, hutolewa na mahali pake huwekwa ya meno 13. Jino moja! Lakini jino hilo moja huongeza nguvu ya kusukuma katika gurudumu la nyuma kwa sehemu moja ya kumi na tatu, na kupunguza mwendo wa juu kwa kiasi kinacholingana, biashara ambayo dereva wa mlimani huikubali bila kuhojiana, kwa kuwa lami haiendei. Wengine hubadili na ile kubwa ya nyuma. Mlangoni mwa gereji huwa pamerundikwa keria zilizochomelewa kwa nondo na vyuma bapa, pana kuliko zile za kiwandani, pamoja na vyuma vya kulinda injini, na mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu kwa ajili ya kufungia mizigo, kwa maana kamba hulegea katika mitikisiko na mpira haulegei.

Kushuka ni mtihani mkubwa kuliko kupanda, na ni hapa ambapo watu wengi wamepoteza maisha. Breki za pikipiki hizi, hasa ya nyuma, ni za ngoma: vipande viwili vya umbo la mwezi mwandamo vikitanuka ndani ya kitovu cha gurudumu. Sifa yake ni kwamba matope hayaifikii upesi, na dereva huweza kuikaza kwa mkono akiwa njiani. Aibu yake ni kwamba joto lililozaliwa ndani halina pa kutokea. Mteremko wa kutoka Nyandira hadi Mlali ni mrefu, na mwenye kushikilia breki njia nzima hufika mahali ambapo pedali inakubali na gurudumu halikubali. Wazoefu hushuka kwa gia ya pili au ya kwanza, injini ikilizuia gurudumu, breki ikiguswa konani tu; na walimu wao huwakataza kwa ukali kuweka nyutro kwa tamaa ya kubana mafuta. Akiba ya vijiko vichache vya petroli haifai kulinganishwa na uhai. Shokomzoba za Boxer zimewekwa springi ndani ya springi, moja ikifanya kazi mzigo ukiwa mdogo na ya pili ikiamka mzigo ukizidi, mpango wa busara sana kwa nchi ambayo asubuhi chombo hupanda na abiria mmoja na mchana hushuka na magunia ya karoti. Wakati wa masika, udongo mwekundu unapolowa, madereva wengine hulizungushia tairi la nyuma minyororo, na hapo kilometa moja huliwa kwa muda ambao kiangazi ungezila kumi.

Mgeta hutoa kabichi, karoti, njegere na viazi. Upande wa mashariki, Kinole, Mkuyuni na Matombo, hutoa ndizi, mananasi, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Bidhaa hizi zilikuwapo kabla ya pikipiki, lakini mkulima alikuwa mateka wa mguu wake: aliyekaa mbali na barabara aliuza kwa bei aliyopewa na mchuuzi wa kwanza aliyefika, au aliacha mboga zioze. Sasa hupiga simu, dereva hufika, na mzigo hukutana na gari la jioni. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hupelekwa zahanati akiwa amekaa baina ya dereva na shangazi yake, jambo ambalo sheria hailiruhusu na ambalo mimi siwezi kulilaumu mpaka siku gari la wagonjwa litakapofika kijijini kwake. Vijana nao wamepata njia ya kumiliki mali kwa mkataba: tajiri hununua chombo, kijana hupeleka hesabu kwa muda wa mwaka na ushei, na mwisho wake kadi huhamia kwake. Mkataba wenye kiwango cha hesabu kilichozidi, hata hivyo, humfanya kijana aendeshe usiku akiwa na usingizi, na ajali nyingi zisemwazo kuwa za uzembe zimeandikwa tayari katika mkataba huo.

Madhara hayafichiki. Wodi za mifupa zinajua, na familia zinajua. Abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, ile mishikaki tuliyoizoea hadi kuipa jina la chakula, huhamishia uzito nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi na usukani ukaacha kutii katika kona. Kofia ngumu huning'inia kwenye usukani badala ya kukaa kichwani. Na Morogoro ina huzuni yake ya pekee: tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli iliyomwagika, madereva wa bodaboda wakiwamo wengi, na moto ulipolipuka ukaua watu zaidi ya 100. Walikuwa vijana ambao lita mbili tatu za bure zilikuwa na maana katika hesabu ya siku ile, na yeyote anayewahukumu lazima kwanza aifahamu hesabu hiyo.

Leo chombo kinabadilika tena. Kabureta, ambayo fundi wa Mlali huifungua na kuisafisha macho yamefumba, inaanza kuachia nafasi yake mfumo wa kompyuta unaopima hewa na kurekebisha petroli wenyewe, faida kubwa kwa milima kwa kuwa injini haitasongwa na mafuta mengi katika hewa nyepesi. Lakini utakapoharibika Nyandira, nani ataufungua? Pikipiki za umeme nazo zimeanza kazi Kigali na Nairobi, na zitafika milimani pia. Betri zake aghalabu hubeba uniti 2 hadi 3 za umeme, na kile kimo cha mita 1,000 chenye mzigo wa kilo 300 kitakula karibu uniti nzima kabla ya kulipia matope na mawe. Hesabu hiyo inatisha kwa upande mmoja na kutia matumaini kwa upande wa pili, maana Uluguru hupandisha mzigo mwepesi na kushusha mzito: mota ya umeme inaposhuka huweza kugeuka kuwa breki na kurudisha umeme betrini, ikaipumzisha ngoma ile inayoungua. Natamani kwa moyo wote kampuni itakayotaka soko hili iwatume wahandisi wake kama Honda walivyowatuma wao, waje mwezi wa Aprili, wakae Nyandira juma moja au mawili, wapande na mbolea na kushuka na kabichi, na kila wafikapo Mlali washike kitovu cha gurudumu la nyuma wapime joto lake, kabla hawajachora mstari wa kwanza wa chombo kipya.